Alama ya Chini ya Madame Andrée

Mambo haya yote ni kweli tupu. Naapa kwa meno yangu yote, ya kuzaliwa na ya kununua, na asiyeniamini aje Saint-Gilles, huku kwa Wabelgiji, aniulize mimi mwenyewe, Papa Polycarpe, mstaafu, maana shahidi wa kuaminika kuliko mimi bado sijamwona. Majira ya baridi ya 2008 yalikuwa makali hata kivuli changu kiliganda kwenye ukuta wa posta, nikakiacha hapo mpaka Machi. Nasema nilichokiona. Na kama kuna mahali katika kisa hiki nitaonekana kupindisha kidogo, ni njia ndiyo iliyopinda, siyo mimi.

Bon. Tuingie kazini.

Victorine Mujinga alikuwa na ofisi kwenye barabara ya Chaussée d'Ixelles, juu ya duka la nywele za bandia. Mzaliwa wa Kolwezi, mwanamke wa maneno machache. Kwa miaka mingi aliwapelelezea watu wa bima: nani kachoma duka lake mwenyewe, nani anajifanya kilema. Alipochoka na mabwana hao, akajitegemea. Siku ya Jumatatu tuliketi mbele yake, mimi na mpwa wangu Thérèse, ambaye ni muuguzi kwenye hospitali kubwa ya Jette na alikuja na sare ya kazi chini ya koti.

“Yaya Victorine,” Thérèse alisema, akimwita dada mkubwa kwa heshima ya kwetu, “mutoto wangu banamuibia.”

Mtoto mwenyewe ni Hadassa. Anacheza dansi ya barafuni pamoja na mvulana wa Kibelgiji aitwaye Dimitri. Msomaji ambaye hajaiona dansi hiyo asidhani ni ule mchezo wa kuruka na kuzunguka hewani kama pia. Humu hakuna kurushana. Ni mwanamume na mwanamke wameshikana, miguu minne juu ya barafu, na sikio moja. Jumapili iliyotangulia, kwenye mashindano, jozi zote zilicheza valsi ileile, dansi ya Kizungu ya hesabu ya tatu, kwa muziki uleule, mizunguko miwili ya uwanja. Majaji walikuwa watatu. Wawili waliwapa Hadassa na Dimitri alama nzuri. Wa tatu, bibi mzee aitwaye Madame Andrée, aliwashusha vibaya kwenye kipengele kimoja tu, kile cha kwenda sambamba na muziki. Kwa alama hiyo moja wakawa wa pili. Na anayekwenda mashindano ya Ujerumani ni wa kwanza peke yake.

Hapo ndipo kidonda kilipokuwa. Baba yake Dimitri, Monsieur Raoul, ndiye anayemlipa kocha, na alikuwa amekwisha sema wazi: kama hawaendi Ujerumani, mwanawe atapewa mwenzake mwingine, msichana aitwaye Océane. Katika dansi ya barafuni wasichana wamejaa, lakini mvulana anayejua kuteleza ni adimu kuliko mvua ya Agosti Lubumbashi. Msichana asiye na mvulana hana dansi. Anavua viatu, anakwenda nyumbani. Thérèse alikuwa amepeleka malalamiko, nayo yalikuwa yasikilizwe Jumamosi.

Victorine aliuliza kama kuna ushahidi wa hongo. Thérèse akanigeukia mimi.

Nikaeleza. Kabla ya mashindano, pale wanapoegesha magari, nilimwona kocha wa jozi iliyoshinda akimpa Madame Andrée mfuko wa kijani, na mdomoni mwa mfuko ilichungulia bahasha nyeupe, nene kama Biblia. Victorine aliuliza kama niliiona bahasha yote au ncha yake. Nikasema niliiona vizuri mno, karibu niisome anwani. Akauliza nilikuwa wapi watoto walipocheza. Nikasema nilikuwa napiga filamu, kamera mikononi, mikono yote miwili, wala sikupepesa jicho. Nikampa diski. Akauliza mbona haina sauti. Nikasema mashine ni mzee, na wazee tunapoteza kitu kimoja kimoja.

Alinitazama glavu kwa muda mrefu kuliko glavu zinavyostahili. Nikajitolea kumwendesha kwa Peugeot yangu wiki nzima. Msiniulize kwa nini. Msamaria mwema hakuulizwa.

*

Filamu Victorine aliitazama pale pale, kwenye kompyuta, mara nyingi kiasi kwamba Thérèse alisinzia kitini. Mzunguko wa kwanza ulikuwa safi: miguu minne kama ya mnyama mmoja. Mzunguko wa pili Hadassa aliachana na Dimitri. Siyo kuanguka, la. Mguu wake ulitua nyuma kidogo ya mguu wa mwenzake, kisha mbele kidogo, kisha nyuma tena, na mkono wa Dimitri ukawa unamvuta kama mtu anayemrudisha mtoto njiani.

Victorine alimwamsha Thérèse kwa upole. Akamwambia alama ilikuwa ya kweli, jaji hakubuni kitu, mtoto alitoka kwenye muziki. Swali lililobaki lilikuwa kwa nini.

Thérèse alikunja kitambaa chake. Alisema huenda ni kosa lake, wiki ile alikuwa kazini usiku, mtoto alikula mikate mitupu. Mimi nikasema njaa huvuruga masikio, ni jambo linalojulikana na madaktari.

Kesho yake tulikwenda uwanjani. Dimitri alikuwa benchini akifunga kamba za viatu. Alijibu kwa Kifaransa, sauti ndogo, na kila akijibu aliifungua kamba ileile na kuifunga upya. Alisema mzunguko wa pili alihisi mkono wa Hadassa umekwenda kwingine, kana kwamba kuna mtu wa tatu anayemwongoza. Baba yake alisema garini, wakirudi kutoka mashindanoni, kwamba msichana hana sikio. Victorine akauliza yeye alijibu nini. Dimitri akasema hakujibu kitu. Kamba ikafunguliwa tena.

Hadassa alikuja ukingoni mwa barafu, mashavu yamekaza kwa baridi. Akanisalimu mimi kwanza, kama anavyonisalimu siku zote, kwa mikono miwili.

“Hamuna muizi, maman Victorine,” alisema. “Ni mi. Ni miguu yangu.”

“Ulikuwa hausikie muziki?”

“Nilikuwa nasikia sana.”

“Ulikuwa unasikia nini?”

Hadassa aliniangalia, halafu akaangalia barafu. “Sijue,” akasema.

Wakati huohuo nilikumbuka kwamba gari nimeliegesha vibaya, nikatoka nje kulitazama. Lilikuwa limeegeshwa vizuri. Nililitazama hata hivyo.

*

Madame Andrée aliishi Saint-Gilles, si mbali na kwangu, katika moja ya zile nyumba ndefu za zamani zilizokatwakatwa kuwa vyumba vya kupangisha. Ghorofa ya juu. Nikamwambia Victorine magoti yangu hayapandi hadi huko, nitasubiri kwenye ngazi. Akapanda peke yake. Magoti yakapona njiani, nikafika hadi mlangoni, na mlango ulikuwa haukufungwa sawasawa. Kwa hiyo yafuatayo niliyasikia kwa masikio haya.

Victorine alijitambulisha kwa Kifaransa. Bibi akamjibu kwa Kiswahili, tena cha kwetu kabisa. Alizaliwa Jadotville, ambayo leo ni Likasi, baba yake akiwa mtu wa reli, na aliondoka huko akiwa msichana mkubwa. Jasho likanitoka kwenye ngazi ile yenye baridi.

Swali la kwanza likawa la mfuko wa kijani. Bibi hakukasirika. Nilisikia kabati likifunguliwa. Ndani ya mfuko mlikuwa na blanketi. Majaji huketi kando ya barafu muda mrefu, mzee asipojifunika miguu haondoki hapo, na blanketi hilo alikuwa amelisahau kwenye gari la yule kocha walipotoka pamoja kwenye mashindano yaliyotangulia. Kocha alilipeleka kwa dobi, akamrudishia. Karatasi nyeupe ya dobi ilikuwa bado imebandikwa kwenye pindo. Victorine aliomba avione mfuko, blanketi na karatasi. Akavishika vyote. Bahasha haikuwamo wala haikuwahi kuwamo.

“Benzako balimupa alama muzuri,” Victorine alisema. “Juu ya nini weye ulimukatiya vile?”

Kijiko kiligusa kikombe.

“Mama, mi nitakuambia, halafu weye utaniambia kama niko mubaya,” Madame Andrée alisema. “Ile valsi ni un, deux, trois. Mu mzunguko wa pili nikasikia ingine, ku mugongo yangu. Mbili ndani ya tatu. Bantu balikuwa banapiga makofi. Hapana makofi ya hapa. Ya kwetu. Mguu wangu chini ya meza ikaanza kuifwata, mi mwenyewe sikujua. Nikaangalia ule mutoto. Hakukuwa nyuma, hakukuwa mbele. Alikuwa juu ya wakati kabisa. Lakini wakati ya ile ingine.”

“Nani alikuwa anapiga?”

“Bajuge tunaikala mugongo ku bantu. Sikumuona.”

“Na benzako?”

“Kwao ilikuwa kelele tu. Baliona mutoto anapotea kidogo, balimukatiya kidogo. Mi nilijua ukubwa wa kosa yote. Kama ningemupa alama ya juu, ingekuwa juu ya Likasi, hapana juu ya valsi. Donc nikaogopa, nikamukatiya sana. Tangu ile siku silale muzuri.” Kijiko kikagusa kikombe tena. “Ni haki, ao haiko haki?”

Victorine alikunja blanketi, akalirudisha mfukoni.

“Alama iko ya haki,” alisema. “Kosa haiko ya mutoto.”

Nilishuka ngazi zile kama kijana wa miaka ishirini. Victorine alipofika chini nilikuwa garini nimefumba macho, nikikoroma kiasi.

*

“Usiwashe, tonton,” Victorine alisema, akiniita mjomba, alipoketi kando yangu. Alikuwa amefungua kompyuta magotini.

Akaniambia nisiwaangalie watoto kwenye filamu, niangalie ukingo wa picha. Nikaangalia. Kamera ikishikwa kwa mikono, alieleza, picha huyumba kidogo kidogo, zaidi kwenye baridi, zaidi kwa mzee. Picha yangu katika mzunguko wa kwanza haikuyumba hata chembe. Kwa hiyo kamera haikuwa mikononi mwa mtu. Ilikuwa imewekwa juu ya kitu, pengine lile bomba la chuma mbele ya viti vya watazamaji.

Nikasema mikono yangu ni mitulivu sana, nilipokuwa kijana niliwahi kubeba yai kwenye kijiko kutoka Likasi hadi Lubumbashi juu ya lori.

Akasogeza filamu hadi mzunguko wa pili. Picha ilianza kushtuka. Kidogo tu, tik, tik, lakini kwa mpangilio. Victorine aliweka kidole kwenye miguu ya Dimitri, ambayo ilifuata muziki, akahesabu polepole: un, deux, trois. Kila alipohesabu tatu, picha ilishtuka mara mbili. Halafu akahamisha kidole kwenye mguu wa Hadassa. Mguu ulikuwa unatua na mishtuko. Filamu isiyo na sauti ilikuwa inapiga ngoma.

“Kama kamera ilikuwa mu mikono yako,” alisema, “mikono iliruka. Kama haikuwa mu mikono, mikono ilikuwa wapi?”

Nikasema nilishikwa na kikohozi.

“Kikohozi ya mbili mbili.”

Nikasema basi pengine ni metro, inapita chini ya uwanja. Akasema pale hapapiti metro. Nikasema watu walikuwa wanaruka kwa sababu ya baridi. Akafunga kompyuta, akavuta breki ya mkono ambayo tayari ilikuwa imevutwa, akakaa akitazama mvua kwenye kioo.

Ningeweza kuendelea. Nilikuwa bado na visa vitatu vizuri akibani, kimoja kina paka. Lakini akaniuliza tena, taratibu, kama muuguzi anavyouliza panauma wapi, na visa vyote vikaniishia.

Nikamwambia ni furaha. Mzunguko wa kwanza ulikuwa mzuri mno. Mimi ndiye ninayeongoza kwaya ya parokia, na kwaya yote ilikuwa imekuja kumtazama Hadassa, tumejaa safu mbili. Nikaweka kamera kwenye bomba, nikapanda juu ya kiti, nikaanza makofi. Miguu ya kwaya ikajibu. Ni makofi yaleyale aliyofundishwa Hadassa tangu hajaota meno, mimi nikimshika mikono. Ningejuaje kwamba atayasikia hadi kule kwenye barafu? Nilirudi nyumbani, nikaisikiliza filamu peke yangu, nikaelewa. Nikaifuta sauti.

“Na bahasha?”

“Ile karatasi nyeupe niliiona kweli,” nilisema. “Niliinenepesha.”

“Juu ya mama muzee asiyekukosea kitu.”

Nikafuta kioo ambacho tayari kilikuwa safi.

“Unajua Hadassa anajua?” Victorine aliniuliza. “Alikusikia. Anajua makofi ya nani. Analala na jina ya mutu hana sikio, juu hataki kukutaja. Mutoto anabeba muzee.”

Mvua iliendelea. Nikawasha gari, likazimika. Nikawasha tena.

*

Jumamosi Thérèse aliyaondoa malalamiko. Alipopata habari hakunigombeza. Alinipakulia chakula kama kawaida, akaenda kula jikoni. Ningefurahi kugombezwa.

Madame Andrée alikuwepo uwanjani. Nilimwomba msamaha wa bahasha mbele ya watu wote, kwa Kiswahili, kisha Victorine akanifanya nirudie kwa Kifaransa ili Monsieur Raoul na kocha wa watoto waelewe. Bibi alinishika mkono na kusema angalau blanketi lake halijawahi kusifiwa utajiri namna hiyo.

Raoul hakucheka. Ni mrefu, koti jeusi, mtu wa kusema kila neno mara moja. Alisema ni hadithi nzuri ya familia, lakini sikio linalopotezwa na makofi ya mjomba siyo sikio, na Océane anaanza Jumatatu.

Victorine akaomba kitu kimoja: wacheze mara mbili. Mara ya kwanza uwanja ukiwa kimya. Mara ya pili mimi nikiwepo.

Kocha aliweka muziki. Mara ya kwanza sina la kusimulia, na ninyi mnajua nilivyo mtu wa kusimulia. Walipita kama kisu kwenye siagi, mizunguko yote miwili, hakuna mguu uliomwacha mwenzake.

Muziki ukaanza tena. Mzunguko wa kwanza ulipokwisha, Victorine alinitazama. Nilikuwa nimevua glavu. Nikapiga makofi, polepole, kama anayefukuza nzi.

“Kama ile siku, tonton.”

Nikapanda juu ya kiti. Viti vyote vilikuwa vitupu. Nikapiga kama ile siku, mikono na miguu, mbili ndani ya tatu, na sauti ikajaa paa lote la bati. Nilimwona Hadassa akikaza shingo. Nilimwona akipigana nayo. Halafu mguu wake ukageuka, ukaja kwangu. Mtoto alijua ninachomfanyia, nami nilijua, na ilinibidi niendelee mpaka mwisho wa muziki, kwa sababu nikiacha katikati Raoul ataondoka haamini. Sijawahi kupiga makofi marefu namna ile. Viganja viliwaka, na machozi yalinitoka yakidai ni baridi.

Madame Andrée alikuwa amesimama kando ya Raoul. Aliuchukua mkono wake kama wa mtoto wa shule na kuugongagonga juu ya ukuta wa uwanja kwa kufuata makofi yangu. Raoul alitazama vidole vyake, akatazama kiatu cha Hadassa. Kila kidole kilipotua, kiatu kilitua. Kila kimoja. Bibi alimwambia kwamba asiye na sikio hupotea ovyo, leo hapa kesho pale, na huyo hafundishiki. Huyu anafuata kwa usahihi mkubwa kuliko wote aliowahi kuwapa alama. Amebaki tu kufundishwa amfuate nani.

Muziki ukaisha. Dimitri hakuuachia mkono wa Hadassa. Alimvuta hadi ukingoni, akamwambia baba yake kwamba yeye hatacheza na Océane. Alisema angepaswa kulisema neno hilo siku ile garini.

Raoul alifunga vifungo vyote vya koti huku mashine ya kulainisha barafu ikiingia uwanjani. Kisha akatoa hukumu. Ujerumani hawaendi, alama ni alama. Hadassa na Dimitri wanabaki pamoja. Sharti ni moja, nalo linanihusu mimi: nisikanyage tena jukwaa la watazamaji, si siku ya mazoezi, si siku ya mashindano. Victorine alinitazama kuona kama nitajadiliana. Nikasema ndiyo, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, bila kuambiwa nirudie.

Kwa hiyo sasa huketi kwenye mkahawa wa uwanja, nyuma ya kioo kinene, ambako hakipiti hata kikohozi. Madame Andrée hukaa nami siku asizokuwa jaji, na kahawa yake nalipa mimi. Valsi siisikii. Naiona tu. Nimekalia mikono yangu, kiganja cha kushoto chini ya paja la kushoto na cha kulia chini ya la kulia, maana mkono mmoja nisipoukalia humwita mwenziwe. Hadassa akifika upande wetu hugeuza kichwa kidogo kuhakikisha kama nimekaa.

Nimekaa.